Baiskeli ya Mlimani Katika Pwani: Jinsi Vipuri vya Zamani na Vipya Vinavyokubaliana

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 70, hupita Bunju, Mapinga na Kerege kabla ya kuufikia mji huo mkongwe. Kandokando ya barabara hiyo, tangu alfajiri, huonekana baiskeli zilizobeba samaki, nazi, mkaa na magunia. Mwenye kuziangalia kwa makini atatambua kuwa ni za vizazi mbalimbali. Ziko zile nyeusi, ndefu, zenye magurudumu makubwa, zilizoundwa China na India kwa mfano wa Raleigh ya Nottingham. Ziko pia baiskeli za mlimani, zenye matairi manene na gia nyingi, ambazo aghalabu ziliingia nchini zikiwa mitumba kutoka Ulaya na Japani. Milima hakuna katika pwani hii, lakini mchanga upo tele, na tairi nene huelea juu ya mchanga pale ambapo tairi jembamba huzama.

Kati ya baiskeli hizo za mlimani, zilizotengenezwa takriban baina ya mwaka 1985 na 1995 zina sifa moja kubwa: nyingi zina fremu ya feleji nzuri, ambayo yaweza kudumu miaka mingi baada ya magurudumu, mnyororo na breki zake kwisha. Vipuri vyake vya asili havitengenezwi tena. Kwa hiyo fundi hulazimika kuijenga upya kwa mchanganyiko: gurudumu la baiskeli moja, krenki ya nyingine, breki mpya ya dukani. Mchanganyiko huo waweza kuzaa chombo imara kuliko kilichotoka kiwandani, na waweza pia kuzaa chombo kitakachomwangusha mwenyewe mbele ya lori. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Hujulikana kwa kupima.

Yafaa ieleweke kwamba baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kutokana na mchanganyiko. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, walichukua fremu nzito za Schwinn zilizotengenezwa katika miaka ya 1930 na 1940, wakazifunga gia za baiskeli za safari na vishikio vya breki vya pikipiki, kisha wakashindana kuteremka milima. Shindano lao mashuhuri lilianza tarehe 21 Oktoba 1976, katika njia ya vumbi iliyoteremka kiasi cha meta 400 kwa mwendo wa kilomita tatu na ushei. Njia hiyo iliitwa Repack, neno lenye maana ya kujaza upya, kwa sababu breki ya ndani ya habu ilipata joto hadi grisi yake ikawa moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi nyingine.

Hesabu ya jambo hilo ni rahisi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na tungamo la kilo 95, nishati wanayoipoteza kwa kushuka meta 400 ni 95 × 9.8 × 400, yaani jouli 372,400. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi, na iliyobaki hugeuka joto ndani ya breki. Nishati hiyo yote ingetosha kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi, na ingebaki. Haishangazi kuwa grisi iliungua. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 1981 Stumpjumper ya kampuni ya Specialized ikawa baiskeli ya mlimani ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Lakini kipimo cha gurudumu la zile Schwinn za zamani kilibaki, na ndicho kinachowasumbua mafundi wa Bagamoyo hadi leo.

Tairi la baiskeli ya mlimani ya kizazi hicho huitwa la inchi 26. Hata hivyo liko tairi jingine la inchi 26, lililozoeleka katika baiskeli za Kiingereza, ambalo halikubali kuingia katika rimu ile. Sababu ni kwamba inchi 26 ni makadirio ya kipenyo cha nje cha tairi lililojazwa upepo. Hayasemi lolote juu ya kipenyo cha mahali ambapo ukingo wa tairi hukaa juu ya rimu. Kwa baiskeli ya mlimani kipenyo hicho ni milimita 559. Kwa lile la Kiingereza lenye maandishi 26 × 1⅜ ni milimita 590. Zaidi ya hayo, tairi la baiskeli nyeusi liitwalo 28 × 1½ hukaa juu ya rimu ya milimita 635, ilhali tairi jipya la mlimani liitwalo la inchi 29 hukaa juu ya rimu ya milimita 622. Yaani rimu ya ishirini na nane ni kubwa kuliko ya ishirini na tisa! Mwanafunzi asihangaike na inchi. Asome nambari mbili zilizochapwa ubavuni mwa tairi, mathalani 47-559: ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Nambari ya pili ikilingana na ya rimu, tairi litakaa. Isipolingana, hakuna nguvu wala ujanja utakaosaidia.

Hesi za skrubu zina udanganyifu wa namna nyingine, kwa kuwa huanza kwa kukubali. Bomba fupi lililo chini ya fremu, linalobeba ekseli ya krenki, huwa na hesi ambamo vikombe vya gololi hufungwa. Kwa kipimo kilichoenea zaidi kuna hesi 24 katika kila inchi. Fremu za Raleigh kwa miaka mingi zilikuwa na 26. Kipenyo kinakaribiana kiasi kwamba jicho halioni tofauti. Kwa mzunguko mmoja kikombe cha kwanza husogea milimita 1.06 na cha pili milimita 0.98. Tofauti ni kama sehemu nane za mia za milimita, lakini baada ya mizunguko sita imefikia karibu nusu milimita, yaani nusu ya hesi nzima. Hapo kilele cha hesi moja hukutana na kilele cha nyingine. Fundi asiyejua huongeza urefu wa spana na kuendelea kukaza, na hesi za fremu hukatika. Yafaa pia kukumbuka kwamba katika kipimo hicho kilichoenea, kikombe cha upande wa kulia hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Fremu nyingi nzuri zimeharibiwa na mtu aliyekuwa akikaza huku akidhani anafungua.

Upana wa habu ya nyuma una msamaha zaidi. Fremu nyingi za awali ziliachiwa nafasi ya milimita 130 baina ya mikono ya nyuma. Baadaye kipimo kikawa 135. Fremu ya feleji yaweza kutanuliwa kwa mkono milimita mbili na nusu kila upande, nayo haitadhurika, kwa kuwa feleji hunyumbuka. Fremu ya alumini isifanyiwe hivyo, maana huanza kupata nyufa ndogo ambazo hukua kila siku baiskeli inapotumika.

Mnyororo ni ajabu ya pekee. Umbali kutoka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7, na haujabadilika kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilichobadilika ni upana: kadiri idadi ya gia za nyuma ilivyoongezeka, ndivyo mnyororo ulivyokuwa mwembamba. Mnyororo wa gia tisa hautumiki vizuri mahali pa ule wa gia sita, lakini meno yatalingana. Kwa sababu hiyo hiyo mnyororo uliochakaa hupimika kwa rula ya kawaida. Nafasi 24 za pini zapaswa kuwa milimita 304.8. Zikizidi kwa milimita moja na nusu, mnyororo ubadilishwe. Zikizidi kwa tatu, meno nayo yameshaliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Na hapa kifaa cha zamani kinakishinda kipya: kishikio cha gia kisicho na vituo, kilichotumika kabla ya katikati ya miaka ya 1980, hufanya kazi na gia za idadi karibu yoyote, kwa kuwa mkono wa mwendeshaji ndio unaotafuta mahali.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika breki. Baiskeli za mlimani za zamani zilikuwa na breki yenye mikono miwili mifupi iliyounganishwa na waya wa kukingama juu ya tairi. Mwaka 1996 kampuni ya Shimano ilianza kuuza breki yenye mikono mirefu iliyosimama wima, na sasa ndiyo inayopatikana kwa urahisi madukani. Mikono hiyo ni wenzo: kwa kuwa ni mirefu, huzidisha kani ya waya, lakini hudai waya uvutwe takriban mara mbili ya ule wa breki ya zamani. Kile inachokipata katika kani, inakilipa katika mwendo. Kwa hiyo kishikio chake kiliundwa kwa namna tofauti. Waya hufungwa mbali zaidi na egemeo, ili uvutwe sana kwa kani ndogo.

Fundi akifunga kishikio cha zamani kwenye mikono mipya, kosa hujitangaza: kishikio hugusa usukani kabla raba hazijabana rimu. Akifanya kinyume, yaani kishikio kipya kwenye mikono ya zamani, kosa hujificha. Breki huwa ngumu mkononi na huonekana imara, ilhali kani inayofika kwenye rimu ni kama nusu ya inayotakiwa. Mchuuzi wa samaki mwenye tungamo la kilo 150 pamoja na baiskeli na mzigo, akienda kwa kasi ya meta 5 kwa sekunde, ana nishati ya jouli 1,875. Breki yenye kani ya nyutoni 450 itamsimamisha kwa meta 4.2. Kani ikiwa nusu, atahitaji meta 8.3. Katika njia panda hizo meta nne za ziada ndizo zinazohesabiwa. Na kama rimu ni ya chuma iliyopakwa kromiamu na mvua ya masika inanyesha, umbali huongezeka tena, kwa maana kromiamu iliyolowa huteleza sana kuliko alumini.

Vipuri vikishakubaliana, pwani huleta mtihani wake. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na maji ya barafu yanayochuruzika kutoka katika tenga la samaki huibeba zaidi. Katika mchanganyiko wa zamani na mpya, aghalabu bomba la kiti ni la alumini na fremu ni ya feleji. Metali mbili tofauti zinazogusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri ndogo. Alumini hutoa elektroni kwa urahisi zaidi, hivyo yenyewe ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, na kwa kuwa hauna pa kwenda, hubana bomba ndani ya fremu mpaka liwe kama limechomelewa. Mwalimu aweza kulionyesha hilo darasani kwa misumari miwili na glasi mbili za maji ya bahari. Msumari mmoja uachwe wazi, wa pili uzungushiwe karatasi ya alumini kwa kuikaza katikati. Baada ya juma moja ule wa wazi huwa umejaa kutu. Wa pili aghalabu huwa na kutu kidogo, na alumini imeanza kutoboka.

Bomba likishang'ang'ania, mafundi wengi hukimbilia moto. Kwa metali hizi mbili moto waweza kudhuru. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi alumini hutanuka kiasi cha sehemu 23 kwa milioni, na feleji sehemu 12 tu. Vyote viwili vikipata moto sawa, bomba hujibana zaidi. Kinachofaa ni baridi, na barafu haikosekani penye soko la samaki. Bomba lenye kipenyo cha milimita 27 likipozwa kwa nyuzi 25 hupungua kuliko tundu lake kwa sehemu saba tu za elfu za milimita. Kipimo hicho ni kidogo sana, lakini mara nyingine hutosha kuvunja ule unga, hasa bomba likizungushwa kushoto na kulia badala ya kuvutwa juu. Kabla ya kurudishwa, hupakwa grisi nzito pande zote ili maji yasipate njia, na kila baada ya miezi michache hutolewa na kupakwa upya. Fundi mwangalifu hutazama pia kama chini ya bomba la ekseli ya krenki kuna tundu dogo la kutolea maji, na kama limezibwa na mchanga hulizibua kwa spoku ya zamani.