Kupoza Baraza Wakati wa Kaskazi: Yafaa Kununua Mashine ya Maji?

Upepo wa kaskazi ushikapo, kuanzia Desemba hadi Machi, watu wengi wa mwambao huhamishia maisha yao nje. Ndani ya nyumba za matofali ya saruji hakukaliki mchana, na usiku kuta hurudisha joto zililolimeza kutwa. Barazani ndipo wageni hupokewa, watoto hufanya masomo, na si haba wanaopatia riziki papo hapo kwa cherehani au meza ya chakula. Ndiyo maana msimu huo huo madukani hujaa mashine zenye tangi la maji na feni, ambazo muuzaji huzisifu kuwa zinapoza kama kiyoyozi na kula umeme kama feni. Sifa hizo zina ukweli katika baadhi ya miji yetu, na katika mingine hazina. Kinachoamua ni hewa ya mahali mashine itakapowekwa, wala si jina la kampuni iliyoitengeneza.

Mfano mzuri wa jinsi mashine hiyo ifanyavyo kazi ni mtungi wa udongo. Maji hupenya taratibu katika kuta za mtungi, hufika nje na kugeuka mvuke. Mvuke huo huondoka na joto, na yaliyobaki ndani hupoa. Mashine nayo hulowesha pedi, feni ikapitisha hewa katikati yake, maji yakawa mvuke, na hewa ikatoka ikiwa baridi zaidi lakini yenye unyevu zaidi. Sharti ni moja: hewa iwe kavu kiasi cha kuweza kupokea mvuke. Hewa iliyokwisha kushiba unyevu haipokei mwingine.

Tuchukue hewa ya nyuzijoto 32 yenye unyevu wa asilimia 30, hali isiyo ngeni Dodoma alasiri za Oktoba. Hewa hiyo yaweza kupozwa kwa maji hadi karibu nyuzi 20, na mashine nzuri hufika si mbali na kikomo hicho. Sasa tuchukue nyuzi 32 zile zile, ila unyevu uwe asilimia 70, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam, Tanga au Unguja wakati wa joto. Hapo kikomo ni kama nyuzi 27, na mashine ya kweli, isiyofika kikomo, itapunguza nyuzi tatu au nne tu. Hata hizo zina gharama yake, kwani mwili wa binadamu nao hujipoza kwa njia ya mtungi: jasho likikauka, ngozi hupoa. Hewa iliyoongezewa unyevu hulichelewesha jasho kukauka. Mtu aliyeketi mbele ya mashine hiyo Kariakoo huona ubaridi kidogo, na ngozi yake hubaki inanata.

Feni zinazopuliza ukungu wa maji hufuata kanuni hiyo hiyo. Kuhusu ushauri wa kutia barafu katika tangi, hesabu yake haiko upande wa mnunuzi. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoa joto takriban mara saba kuliko kilo moja ya barafu inayoyeyuka, na friji iliyogandisha barafu hiyo imekwisha kula umeme na kutoa joto ndani ya nyumba.

Kiyoyozi cha magurudumu hakifai kabisa mahali pa wazi. Hupoza kwa mbele na kutoa joto kwa nyuma, na joto hilo huwa kubwa kuliko ubaridi uliopatikana. Hakuna sababu ya kukinunua kwa ajili ya baraza.

Basi mkazi wa mwambao afanye nini? Aanze na jua, kwani sehemu kubwa ya adha ya barazani hutoka juani moja kwa moja na katika vitu vilivyochomwa na jua. Paa la mabati yasiyo na dari huwa jiko lililogeuzwa: bati hupata moto, kisha hulitupa joto chini juu ya vichwa vya watu, hata kama hewa inapita. Kupiga dari ya mbao, mianzi au mikeka na kuacha nafasi ya hewa kati yake na bati hubadili hali zaidi ya mashine yoyote yenye bei inayolingana. Rangi nyeupe juu ya bati nayo husaidia, madhali inabaki safi. Makuti yaliyoezekwa kwa unene hupoza vizuri kuliko vyote hivi, lakini hushika moto upesi na huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache; asiyapendelee mwenye jiko la mkaa karibu. Turubai la plastiki huzuia jua lakini hufungia hewa moto chini yake. Afadhali neti ya kivuli, ile itumiwayo na wakulima wa mboga vitaluni, kwa kuwa hupitisha upepo.

Upande wa magharibi uangaliwe peke yake. Adhuhuri jua la Februari huwa karibu utosini na paa hulizuia. Kuanzia saa tisa hushuka na kuingia chini ya paa. Hapo hufaa pazia la mikeka au mmea unaotambaa, kwa mfano mpasheni, uliopandishwa kwenye waya. Upande wa kaskazini-mashariki uachwe wazi, maana ndiko kaskazi inakotoka. Wengi hujenga ukuta mrefu upande huo kwa ajili ya usalama, kisha hulalamikia joto. Matofali yenye matundu hulinda nyumba bila kuzuia upepo.

Baada ya kivuli, feni ya kawaida au pangaboi hutosha katika baraza nyingi. Feni haishushi joto la hewa, bali huharakisha jasho kukauka, kwa hiyo haina faida pasipo na mtu. Feni ya wati 60 ikiwashwa saa tano kila siku hutumia uniti 9 kwa siku 30. Kiyoyozi cha wati 1,200 kwa muda huo huo hutumia uniti 180.

Kwa wakazi wa Dodoma, Singida na maeneo mengine makavu, mashine ya maji ni ununuzi wa busara, hasa mahali pa wazi. Muuzaji akishauri milango na madirisha yafungwe ili ubaridi usitoroke, ushauri huo ni wa kiyoyozi, si wa mashine hii. Hewa yenye unyevu haina budi kutoka ili hewa kavu iingie. Mvua zianzapo na hewa kujaa unyevu, uwezo wake hupungua hata huko. Tangi limwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, kwani mbu aenezaye homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama karibu na watu.

Kifaa chochote cha umeme kitakachokaa nje kikaguliwe alama ya IP na tarakimu mbili zifuatazo. Tarakimu ya pili ikiwa 4 au zaidi, kifaa kinastahimili maji yanayorushwa. Feni isiyo na alama hiyo ichukuliwe kuwa ni ya ndani na iondolewe mvua inyeshapo. Waya wa kuunganishia usipitishwe juu ya sakafu inayomwagiwa maji, na fundi aulizwe kama nyumba ina kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Mnunuzi aliyeamua kuchukua mashine ya maji aombe iwashwe mbele yake, tangi likiwa na maji ya bomba bila barafu, na iachwe ifanye kazi kwa nusu saa. Aahidiwapo kiwango fulani cha ubaridi, ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Risiti, kijikaratasi cha matangazo na picha ya maelezo yaliyobandikwa kwenye boksi vihifadhiwe tangu siku ya kwanza, kwani boksi ndilo hutupwa mapema.