Mgonjwa Asemapo na Tusiyemwona

Wauguzi wetu wa Unguja, binti zetu na dada zetu, huyaona mara nyingi mambo ambayo sisi jamaa wa mgonjwa huyaona mara moja au mbili maishani. Hutuhadithia kuwa mtu aliyekaribia kufa huweza kukaza macho pasipo na mtu, akatabasamu, akasema na waliokwisha kutangulia.

Nasi yalitufika. Tulikuwa tukimuuguza mjomba wetu, mtu wa Makunduchi, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Siku mbili kabla ya kufariki alianza kusema na nduguye aliyekufa zamani. Tukadhani ni majini. Tukamsomea kwa sauti kubwa, na kila alipomtaja nduguye tukamkaripia: "Hapana mtu hapa!" Mzee akanyamaza, akageuza uso ukutani.

Muuguzi wa zamu, aliyepata kusoma chuoni kwetu utotoni, akatuita kando. "Maalim," alisema kwa adabu, "msimkaripie mzee. Usiku nimemsikiliza. Anamwambia nduguye kuwa minazi ya mwanawe bado iko mikononi mwake."

Tuliona haya. Yatima yule alikuwa mtu mzima sasa, ana watoto. Tukarudi, tukamshika mzee mkono, tukamwuliza kwa upole. Akaitaja minazi mmoja mmoja, mbele ya mashahidi. Lau tungaliendelea na kelele zetu, angalikwenda na haki ya mtu shingoni.

Je, alimwona nani? Hatuwezi kusema. Suratul Waaqia yatufundisha kuwa roho ifikapo kooni, Mwenyezi Mungu yu karibu zaidi na mtu huyo kuliko sisi tunaomtazama, wala hatuoni. Na Mtume (S.A.W.), alipomfumba macho Abu Salama, alieleza kuwa roho ichukuliwapo macho huifuata. Wataalamu nao wamechunguza. Mwaka 2014 walitolewa habari wagonjwa 59 wa nyumba ya kuwauguza wanaokaribia kufa huko Buffalo, Marekani: wengi mno walisimulia ndoto na maono, na kuwaona jamaa waliokwisha kufa ndiko kulikowafariji zaidi.

Lakini si kila neno la mgonjwa ni la namna hii. Homa, dawa na upungufu wa maji mwilini huvuruga akili. Akitaharuki, akiogopa, au asijue yu wapi, daktari aambiwe upesi. Pengine lipo la kutibu.

Basi, enyi vijana wetu, mkiitwa kukesha na mgonjwa, shusheni sauti. Mlowesheni midomo, mtamkisheni shahada polepole pasipo kumkera, na mumsikilize. Akitaja deni, liandikeni, kwani deni hulipwa kabla ya mirathi. Siri zake msizitembeze barazani. Mwenyezi Mungu awalipe kheri wauguzi wetu, na atujaalie sote mwisho mwema. Amin.