Frigo inasema 5, chanjo imeganda: tuipime kama tunavyopima mizani



Kila mchimbaji anajua mizani ya negosiyan. Unatoka shimoni na kilo kumi za koltani, unafika kwa depo, mizani inasema nane. Ukibisha, unajibiwa: «Si unaona namba wewe mwenyewe?» Ndiyo sababu kwenye sendika tulifundishana jambo moja: kabla ya kuweka mfuko wako, weka kwanza chupa ya maji ya litri moja na nusu, iliyojaa. Mizani ikisema kilo moja na nusu na kidogo juu ya plastiki, iko sawa. Ikisema moja na robo, beba mzigo wako, uende.

Leo nataka tuongee juu ya namba ingine, ile inayowaka kwenye mlango wa frigo ya chanjo. Ile nayo inaweza kudanganya, na anayelipa ni mtoto.

Vile ilitokea

Ilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya karibu na carré ya wachimbaji, upande wa Walikale. Sitataja jina, maana muganga wa pale alifanya kazi yake vizuri, na pani kama hii inaweza kutokea popote. Mtoto wangu wa mwisho alichanjwa pale.

Frigo ni ya soleil. Kila asubuhi na kila jioni muganga titulaire anaandika joto kwenye karatasi: 5, 5, 4, 5. Karatasi safi kabisa. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya digri 2 na 8, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Siku moja akatoa flakoni za pentavalent, ile sindano ya wiki 6, 10 na 14, akakuta nyingine ziko barafu ndani.

Aliniita, kwa kuwa niko katika komite ya afya ya pale. Akaniambia: «Njo nini hii? Frigo inasema tano, lakini hizi ziko mawe!»

Jicho moja tu

Fundi wa zone alipofika kwa pikipiki, alitufasiria. Ndani ya frigo kuna sonde, kitu kidogo kama punje ya maharagi, kimefungwa kwa nyaya mbili. Baridi ikizidi, sonde inazuia umeme zaidi. Joto likipanda, inauachilia. Mashine inasoma hiyo, njo inajua kama iwashe kompresere ao iizime.

Sasa, maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha nyaya, pakaota kutu ya kijani. Umeme ukawa unapita pia katika ule unyevu. Mashine ikadhani kuna joto, ikaendelea kusukuma baridi. Na namba ya mlango inatoka kwa sonde ileile! Kwa hiyo ilikuwa inasema 5 wakati ndani ni chini ya 0. Muganga aliandika kile alichoona.

Pani inaweza kuja pia kwa upande mwingine. Waya ukikatika, kwa mfano panya akiutafuna, umeme haupiti kabisa. Mashine inadhani baridi ni kali sana, inazima kompresere, na chanjo inapata moto. Frigo zingine zinaonyesha alama ya hitilafu, zingine zinanyamaza.

Pande zote mbili ni hatari. Chanjo ya surua inaogopa zaidi joto, na tunakumbuka mwaka 2019, surua ilipoua watu zaidi ya 6.000 katika nchi yetu, wengi wao watoto. Pentavalent, chanjo ya pepopunda na ile ya hepatite B zinaogopa kuganda. Tena ile alama ya duara kwenye flakoni, yenye kamraba katikati, inabadilika rangi kwa joto tu. Chanjo ikiganda, alama haisemi kitu.

Vile inapimwa

Fundi alianza kwa kuhamisha chanjo zote nzuri kwenye glasiere yenye termometa, na zile zilizoganda akaziweka kando zisitumiwe. Kisha akazima frigo. Kabla ya kugusa mutimetre, alitazama kwa macho: sonde iko mahali pake ao imeanguka? Waya imetafunwa? Kiungo kina kutu? Mlango unafunga vizuri? Pani nyingi, alisema, zinaonekana hapo tu.

Halafu akaomba barafu. Alivunja vipande vidogo ndani ya kopo, akamimina maji kidogo, akakoroga, akatumbukiza sonde ikiwa imetolewa kwenye mashine, akangoja dakika kadhaa. Barafu inayoyeyuka katika maji safi ni digri 0, hapa na Ulaya. Usitie chumvi, maana inashusha joto chini ya 0. Maji ya kuchemka nayo hayafai kwa kipimo hiki huku kwenye milima yetu, kwa kuwa juu ya mlima maji yanachemka kabla ya kufika 100.

Sonde nyingi za frigo zina omu 10.000 kwa digri 25, na karibu 32.000 ao 33.000 kwa digri 0. Si zote: namba ya kweli iko kwenye kitabu cha frigo. Sonde yetu ilikuwa inatoa namba ya chini sana, tena ilikuwa inarukaruka. Akakata kiungo kibovu, akasafisha, akapima tena kwenye barafu: namba ikatulia karibu 32.500. Sonde yenyewe ilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa kwenye kiungo. Alikifunga upya, akaziba maji yasiingie.

Nilimwangalia nikacheka peke yangu. Ile barafu ni chupa yetu ya litri moja na nusu. Unachukua kitu unachojua ukweli wake, unamuuliza yule usiyemwamini.

Tuseme ao tunyamaze?

Kazi ngumu ilikuja nyuma. Ni watoto gani walipewa chanjo iliyoganda na kuyeyuka? Hakuna aliyejua siku pani ilianza. Kwenye komite, mmoja akasema: «Tukiwaambia wamama, hawatarudia kuleta watoto. Bora tunyamaze.»

Nilimwelewa. Kuna wamama wanaotembea saa tatu na mtoto mgongoni, katika matope, na barabara si salama. Lakini nilisema hivi: shimoni, ukiona mti wa kushikilia umeoza, unaweza kunyamaza juu ya kuogopa watu wasishuke? Unapiga kelele. Na mutoto akishikwa na kifaduro kesho, tutamwambia mama yake nini?

Tulisema. Muganga alifasiria kwa upole kwamba chanjo iliyoganda haigeuki sumu. Inapoteza nguvu, na mahali pa sindano panaweza kuvimba zaidi. Zone iliamua watoto gani warudie. Siku ile wamama wawili walikasirika na kuondoka. Wengine walikaa kwenye benchi. Mimi pia nilikaa, na mtoto wangu kwenye magoti. Juma lililofuata, mmoja wa wale wawili alirudi.

Tufanye nini?

Kwanza, kila frigo ya chanjo iwe na jicho la pili, lisilotegemea sonde ya mlango. Kuna kifaa kidogo kinachoandika joto la siku 30, kinalia joto likipita 8 kwa saa 10, ao likishuka hadi digri 0,5 chini ya 0 kwa dakika 60. Ile namba ya jicho la pili iandikwe kando ya ile ya mlango. Zikiachana, ita fundi.

Pili, tusitie sonde ya frigo ya bia ndani ya frigo ya chanjo. Namba zao zinaweza kutofautiana, na uongo utaanza upya.

Tatu, pesa. Sheria ya migodi ya 2018 inasema 15 kwa mia ya redevance ya kampuni zinazochimba iende kwa sekta na shefferi zetu. Wajumbe wetu waulize: katika hiyo, ya frigo na fundi ni ngapi?

Na wewe mzazi, siku ya chanjo, uliza bila kugombana: «Muganga, termometa ya pili inasema ngapi?» Muganga mzuri hatakasirika. Yule wa kwetu sasa anaionyesha mwenyewe, kabla ya kuulizwa.