Namba ya INR Haisomwi Peke Yake

Mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo anapochukua majibu yake kwenye maabara katikati ya jiji la Nairobi, hukuta namba moja ya INR, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda, tuseme 2.8, kando yake herufi H ya kuonyesha kwamba iko juu, na kiwango cha kawaida cha 0.8 hadi 1.2. Akiisoma karatasi hiyo ndani ya matatu ya Kangemi, ni rahisi kudhani kwamba mambo yameharibika, hata akaamua kuruka dozi ya jioni. Lakini kiwango hicho ni cha mtu asiyetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Anayemeza warfarini ana kiwango chake: kwa kawaida 2 hadi 3 kwa aliyepata bonge la damu mguuni au mapafuni, na mara nyingi 2.5 hadi 3.5 kwa mwenye vali ya chuma kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Kwa huyo wa vali, 2.8 ni habari njema. Hatari ingekuwa 1.1, ambayo karatasi ingeipitisha kama namba ya kawaida. INR basi haina maana mpaka ilinganishwe na lengo la mgonjwa mwenyewe na majibu yake yaliyotangulia.

Namba yenyewe hutokana na sekunde. Damu huchotwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu, ambacho kina sitrati ya kufunga kalsiamu ili damu isigande njiani. Maabarani plazima hutengwa, hurudishiwa kalsiamu pamoja na kichocheo cha kugandisha, kisha muda huhesabiwa. Kichupa lazima kijae hadi alama, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati. Kikijazwa nusu, muda hurefuka na INR hupanda bila mwili kuwa na kosa lolote. Kuna watakaosema kwamba majibu ya Upper Hill na ya Westlands hayawezi kulinganishwa kwa kuwa kila maabara ina kichocheo chake. Hilo ndilo tatizo ambalo Shirika la Afya Duniani lililishughulikia mwaka 1983 kwa kuidhinisha INR, ambayo husahihisha muda kulingana na nguvu ya kichocheo. Tofauti ndogo zimebaki, na kwa sababu hiyo ni vizuri kushikamana na maabara moja.

Kinachoyumbisha namba zaidi ni maisha ya kila siku. Warfarini hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K isitumike, na vitamini hiyo imejaa katika sukuma wiki na managu. Wengine hukata shauri kwamba mgonjwa aache mboga za majani kabisa. Ushauri huo unamnyima mkazi wa Kawangware chakula cha bei nafuu, na haumsaidii: dozi hupangwa kulingana na mlo, kwa hiyo kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki. Dawa nyingine huhitaji uangalifu mkubwa zaidi. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha INR, ilhali Septrin na Flagyl, zinazonunuliwa kwa urahisi dukani, huipandisha. Anayeanza au kumaliza dawa hizo anapaswa kumwarifu daktari na kupimwa mapema.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dawa mpya za kuzuia damu kuganda hazihitaji kipimo hiki. Ni kweli kwa wagonjwa wengi, ila si kwa wenye vali za chuma. Hata kwa walioharibika moyo kutokana na homa ya rumatiki na kupata mapigo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500, ulionyesha vifo vichache kwa waliotumia warfarini kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya. Ugonjwa huo ungali nasi, na kipimo chake pia. Mgonjwa na ahifadhi daftari lenye tarehe, INR na dozi, na amuulize daktari lengo lake ni ngapi. Asibadilishe dozi mwenyewe. Na akiona choo cheusi au damu ya pua isiyokoma, aende hospitali bila kungoja namba yoyote.