Mbio za Baiskeli Milimani: Anayeanza Ajue Nini?

Mpenzi msikilizaji, katika barua na simu zilizofika hapa studio majuma ya karibuni, swali moja limejirudia. Vijana wa Igoma, Nyakato na Kisesa wanauliza: hizi mbio za baiskeli za milimani ni kitu gani hasa, na je, mtu ambaye hajawahi kushindana anaweza kuingia? Leo nitalijibu swali hilo kwa kirefu kidogo, maana nyuma yake lipo jambo linalogusa riziki za watu.

Kwanza tutofautishe. Kanda ya Ziwa si wageni wa mbio za baiskeli. Kuelekea mwaka 2010, Mwanza ilikuwa na mashindano makubwa yaliyodhaminiwa na Vodacom, yakiwakutanisha wanaume, wanawake na walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu. Hizo zilikuwa mbio za lami. Kwenye lami mpanda baiskeli hujificha nyuma ya mwenzake kukwepa upepo, na kundi humvuta. Mlimani hakuna wa kukuvuta. Njia ni nyembamba, ina mawe, mizizi na mchanga, na mwendo wa kupanda ni mdogo kiasi kwamba upepo hauna habari na wewe. Kila mtu anajibebea mzigo wake.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Ulikomaa katika vilima vya Marin, jimbo la California huko Marekani, ambako kuanzia mwaka 1976 vijana walishindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu. Njia yao waliiita Repack, maana yake kujaza upya, kwa sababu breki zilipata moto hadi grisi ikaungua, na ikabidi zijazwe grisi upya baada ya kila mteremko. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, habari ya mchezo huu ni habari ya breki. Mashindano rasmi ya dunia yalifanyika mwaka 1990 huko Durango, Colorado. Mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta, ambako Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia walitwaa medali za kwanza za dhahabu.

Afrika Mashariki nayo imo. Huko Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah amewalea vijana wengi kwenye njia za vumbi. Mmoja wao ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013 na kisha 2015 hadi 2017. Jirani zetu wa Rwanda walimpeleka Adrien Niyonshuti katika mbio za milimani za Olimpiki ya London mwaka 2012. Alibeba bendera ya taifa lake, akashika nafasi ya 39. Medali hakupata, lakini kwao jina lake ni kubwa. Na Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika barani Afrika.

Sasa mbio hizi huendeshwaje? Aghalabu ni mzunguko wa kilomita chache unaorudiwa mara kadhaa. Mahali palipokushinda unaruhusiwa kushuka na kusukuma baiskeli, au kuibeba begani ukikimbia. Mwenye kasi akikujia kwa nyuma hupaza sauti kukuambia anapita upande gani, nawe humpisha panapofaa. Katika mashindano makubwa ya kimataifa ipo kanuni ya asilimia 80. Tuseme anayeongoza alitumia dakika 15 kwa mzunguko wa kwanza. Asilimia 80 ya hizo ni dakika 12. Ukiachwa kwa zaidi ya dakika hizo 12, waamuzi wanakutoa, lakini nafasi yako inaandikwa. Katika mbio ndogo za kwetu kanuni hiyo kwa kawaida haitumiki. Anayeanza huachwa amalize.

Mimi mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka arobaini na ushei, nilijiandikisha kundi la wanaoanza katika mbio ndogo zilizoandaliwa na vijana nje kidogo ya mji. Nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na nilifurahi. Lakini jambo lililonifanya nizungumze leo ni la kijana mwingine tuliyeanza naye, mchuuzi wa mkaa. Yeye kila siku ya Mungu hupandisha magunia mjini kwa baiskeli, na miguu yake ni ya chuma. Kwenye kupanda alituacha wote kama tumesimama. Kwenye kuteremka, breki yake ilikuwa ya nyuma peke yake, ya mbele ilishang'olewa siku nyingi. Gurudumu la nyuma liligoma kuzunguka, likateleza kwenye changarawe, naye akaanguka na kuvunjika mtulinga. Kwa majuma sita hakubeba gunia hata moja. Nyumbani kwake gunia ndilo ugali.

Hapo, msikilizaji, ndipo penye tofauti yetu na vijana wa Ulaya. Kule baiskeli ya mashindano ni ya mashindano. Kwetu baiskeli ya Jumapili ndiyo inayopeleka dagaa sokoni Jumatatu. Anayeanza hapa anaingia na mtaji wake pamoja na mwili wake. Kwa hiyo swali lake la kwanza lisiwe atakuwa wa ngapi. Liwe: nitarudije nyumbani mzima?

Tuanze na breki. Unapofunga breki, uzito wa mwili husogea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini, la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli kwa sehemu kubwa, na ya nyuma ikiwa peke yake huishia kuteleza. Hata hivyo ya mbele ukiibana ghafla itakurusha juu ya usukani. Ibane kidogo kidogo, huku umenyanyuka kwenye kiti na kurudisha makalio nyuma. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na macho yatazame njia unayotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, utaligonga.

Pili ni upepo wa tairi. Mafundi wetu hujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, na kwa mzigo wa magunia wako sahihi. Juu ya mawe, tairi gumu hurukaruka na kukosa mshiko. Kwa baiskeli ya gia yenye matairi mapana na tyubu ndani, mtu wa kilo 70 hivi anaweza kuanzia pauni 30 hadi 35. Ukipunguza mno, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Beba tyubu ya akiba au viraka, na pampu.

Tatu ni gia. Badilisha kabla hujauanza mlima. Ukingoja mpaka miguu imeelemewa, cheni inavutwa kwa nguvu zote, haitaki kuhama, na inaweza hata kukatika.

Nne, mwanzo wa mbio. Filimbi ikilia, wote hukimbilia njia nyembamba kwa pamoja. Anayeanza akae nyuma. Mwenda pole hajikwai. Nusu saa baadaye utawakuta wengi wamekaa chini ya mti wanahema. Kunywa maji kidogo kidogo tangu mwanzo, nusu lita hadi lita moja kwa saa. Jua letu hapa karibu na ikweta halina huruma, hata kama tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Na ukimaliza, ukiwa umejaa vumbi, ziwa litakuita. Usiingie kuoga kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Humo ndimo wanamoishi konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila kuuma. Oga kwa maji ya bomba au ya kisima.

Je, Phoenix inafaa? Kwa njia tambarare ya vumbi, ndiyo, ukiondoa keria, stendi na madigadi. Kwa mteremko wa mawe, hapana. Breki zake za vyuma hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na uzito wake ukishaanza kuteremka haurudishwi. Afadhali uazime baiskeli ya gia kwa siku moja kuliko kuuza mbuzi ulipie hospitali.

Waandaaji nao nawaomba jambo moja lisilo na gharama. Kabla ya kupuliza filimbi, fundi mmoja apite mstari mzima, abane breki ya mbele na ya nyuma ya kila baiskeli, atazame na kofia ngumu kichwani. Asiyekuwa navyo asianze, hata awe na miguu ya chuma. Atakasirika asubuhi hiyo. Jumatatu atakuwa njiani na mzigo wake.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, wakati kama huu, Mungu akipenda.