Panya katika kibanda cha kuku: tuanze na chakula, sumu ibaki sokoni

Jumapili jioni tulipofunga kibanda cha kikundi, vifaranga vilikuwa 32. Ijumaa tulihesabu tena, vikawa 21. Mwizi wa watu haachi kuku wakubwa akabeba vifaranga vya wiki mbili. Tukainama kutazama. Chini ya ubao wa pembeni kulikuwa na tobo jipya lenye udongo mbichi mlangoni, na karibu na chombo cha chakula kulikuwa na mavi meusi. Tulijua hapo hapo mgeni wetu ni nani.

Mayai ya kuku hawa ndiyo yanatununulia madaftari na kalamu za watoto. Kwa hiyo tulikasirika, na katika hasira ile tulifanya kosa. Tunalieleza leo waziwazi kwa sababu tunajua hatuko peke yetu.

Tulinunua sumu. Ni ile ya vipakiti vidogo vya sokoni, isiyo na jina wala maandishi. Tuliichanganya na unga wa mahindi, tukaiweka nyuma ya kibanda. Siku ya tatu tuliokota panya wawili, kuku mmoja na paka wa jirani, wote wamekufa. Jioni hiyo mtoto wa mwenzetu, wa miaka mitatu, alikutwa ameketi chini na pakiti mkononi, unga umemkaa midomoni. Mama yake alimbeba mbio hadi kituo cha afya. Mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini baba yake bado hatusalimii vizuri, na hatuwezi kumlaumu.

Kama jambo hili likimpata mtoto wako, usimpe maziwa wala mawese ili atapike, na usingoje kuona dalili. Kuna sumu za panya zinazoua haraka sana, na kuna nyingine zinazofanya damu isigande, ambazo dalili zake zinakuja baada ya siku kadhaa, mtoto akiwa anacheza kama kawaida. Mpeleke mara moja na uende na pakiti yenyewe, muuguzi aione. Sumu hizo za polepole zina ubaya mwingine: panya aliyeila anazunguka siku tatu au nne kabla ya kufa, akiwa mlegevu, na paka, mbwa au kuku wanaomla wanaweza kufa naye.

Tukaanza upya, na swali letu likawa lile ambalo tungewauliza wanafunzi: panya anafuata nini hapa? Hafuati kuku kwanza. Anafuata chakula cha kuku. Vifaranga na mayai anavikuta njiani.

Tuliwapa watoto wa mwaka wa tano hesabu hii. Panya mkubwa anakula karibu gramu 20 kwa siku. Panya kumi wanakula gramu ngapi kwa mwezi? Jibu ni gramu 6.000, yaani kilo 6. Kuku mmoja anayetaga anakula kama gramu 110 kwa siku. Basi panya kumi wanakula sehemu ya kuku karibu wawili, na hawatagi. Tena hapo hatujahesabu chakula wanachokojolea. Jike anabeba mimba wiki tatu tu, na anaweza kuzaa watoto wanane kwa mara moja. Ukichelewa miezi miwili, hesabu imebadilika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya jioni, na haina gharama. Kabla jua halijazama tunaondoa chombo cha chakula na cha maji, tunafagia pumba zilizomwagika, tunaokota mayai yote. Kuku hawali usiku. Panya ndiye anakula usiku. Mwanzoni wenzetu walisema tunawatesa kuku. Hapana, kuku akishapanda kwenye mti wake wa kulalia, anangoja asubuhi. Pumba za mahindi tunaziweka ndani ya pipa la bati lenye kifuniko kizito. Mfuko hautoshi, na ndoo ya plastiki nayo panya anaitoboa. Kama huna pipa, sufuria kuukuu yenye kifuniko na jiwe juu yake inatosha kwa chakula cha siku chache.

Sasa matobo. Hapa wengi tunadanganyika na ule wavu wa matundu makubwa. Wavu ule unazuia kuku asitoke. Haumzuii panya kuingia. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu lenye upana wa kalamu ya biki. Panya mkubwa anapita mahali ambapo kidole gumba kinapita. Kwa hiyo chukua kalamu, zunguka kibanda chako, na kila inapoingia weka alama ya makala. Sisi tulipata alama 19 kwenye kibanda kimoja! Tuliziba kwa vipande vya bati na misumari, na penye udongo kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa. Matambara na mbao laini ni bure, anatafuna. Anayeweza kununua wavu wenye matundu madogo, aufukie ardhini sentimita 30 kuzunguka kibanda, maana panya wanachimba.

Wenye nafasi ndogo, na hapa Bukavu kwenye miteremko ndivyo tulivyo wengi, wanaweza kuinua kibanda juu ya miguu minne yenye urefu wa mita moja. Kila mguu uvishwe bati laini la kopo la mafuta karibu na juu, panya ateleze. Ngazi ya kuku iondolewe usiku. Na kusiwe na ubao, kuni wala tawi linaloegemea kibanda, maana hilo ni daraja umemjengea mwenyewe. Wale wanaolaza kuku jikoni au chini ya kitanda, tunawaelewa, wezi wapo. Lakini kuku akilala ndani, panya naye analala ndani, karibu na watoto.

Kujua kama kazi imefaa, mwaga majivu membamba mbele ya kibanda jioni, halafu asubuhi usome nyayo. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko somo la kusoma, na wanaifanya bila kuamriwa.

Walioishi ndani tayari tunawatega. Mtego unawekwa kando ya ukuta, maana panya anatembea akigusa ukuta, na unafunikwa na sanduku lenye mlango mdogo ili kuku na mtoto wasiufikie. Kichwa cha sambaza kinavuta kuliko unga. Acha mtego siku mbili tatu bila kuufyatua, panya mkubwa anaogopa kitu kipya; akishauzoea, ufungue. Paka anasaidia kwa panya wadogo, ila mfundisheni vifaranga si vyake.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Vaa sashe mkononi, mzike au mchome. Mavi yake usiyafagie makavu. Yanyunyizie maji yenye javeli kwanza. Mkojo wa panya unaambukiza magonjwa, na viroboto wake pia. Huko Ituri, ambako tauni bado inarudi mara kwa mara, panya wakianza kufa ovyo ni lazima kuwaambia watu wa afya, kwa maana kiroboto akikosa panya anatafuta mtu.

Kuna jambo moja hatujalimaliza. Panya tuliowafungia mlango walihamia lupango la jirani, na jirani huyo ndiye mwenye yule paka aliyekufa. Tulimwendea na mayai sita tukaomba msamaha. Alipokea mayai, akatuonyesha rundo la mbao nyuma ya jiko lake, na matobo matatu chini yake.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, tunakwenda kwake kuhamisha zile mbao na kuziba matobo. Mwenye nyundo aje nayo. Kila mama alete kopo moja tupu la mafuta, lililokatwa na kunyooshwa, na aangalie mikono yake isikatwe na bati.