Kuvua Mto Usioujua: Safari Zetu Mbili za Sabaki

Sisi wa Kilifi twaringia hori letu. Basi likizo ya Agosti, mimi na binamu zangu wawili tulipoamua kwenda kuvua kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, tulidhani kupanga safari ni kutafuta nauli, mishipi na chambo tu. Nusura tuache roho zetu huko. Ndiyo maana nimemwomba mhariri nafasi hii, kwa faida ya wenzangu watakaokwenda kuvua maji ya ugenini.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchagua siku kwa kalenda ya ukutani. Tulitaka Jumamosi, tukapata Jumamosi. Kumbe mwezi ulikuwa ndio umeandama, yaani ni bamvua! Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Tulifika saa tatu asubuhi maji yakikimbilia baharini, tukavuka mkondo mmoja uliotufika magotini hadi kwenye fungu la mchanga. Samaki hakuna. Chubwi haikai chini, yasombwa tu, na kusi inatupiga mchanga machoni.

Saa saba tukageuka. Lo! Ule mkondo ulikuwa umejaa nyuma yetu. Maji ya bamvua huweza kupanda zaidi ya mita tatu kwa muda wa saa sita, nayo hayangoji kulifunika fungu. Huanza kwa kujaza mikondo, fungu likabaki kisiwa na aliye juu yake hana habari. Tulivuka yakitufika kifuani, kapu likaenda. Mzee mmoja mvuvi alituvuta mkono ng'ambo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwatoka wapi nyinyi?"

"Kilifi."

"Na huko kwenu maji yana mamba?"

Tukanyamaza. Sabaki ina mamba na viboko pia, na sisi hatukuwa tumemwuliza mtu yeyote.

Mzee yule alitukalisha chini akatufundisha hesabu ambayo sasa naiona bora kuliko ndoana yoyote. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini. Ukihesabu tangu mwezi kuandama, siku ya kumi maji huwa yamekupwa karibu saa kumi na mbili unusu asubuhi, na hujaa kama saa saba mchana. Wakati huo ni karibu na maji mafu, mkondo hauna nguvu nyingi, na samaki huingia mlangoni pamoja na maji asubuhi yote. Ukingoni unavua kwa raha. Fungu huna haja nalo.

La pili ni mvua, na hapa wengi hudanganyika. Mtu hutazama mbingu ya Malindi, kumbe Sabaki ni ule ule mto Athi unaoanzia upande wa Nairobi, ukaungana na Tsavo ukaitwa Galana, ndipo ukaja kwetu kwa jina la Sabaki. Mvua ikinyesha bara, maji huja mekundu kama chai ya maziwa ijapokuwa Malindi ni jua kali. Maji hayo kolekole hayapendi. Hongwe huyapenda, na kamba pia. Kwa hiyo kabla ya safari ya pili, mwezi wa Desemba, tulimpigia shangazi aliyeko Nairobi. Akasema mvua haijakatika. Tukabeba ndoana za hongwe na chambo cha kamba.

Safari hiyo tulipiga hodi kwanza kwa wazee wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari yao. Wao ndio walituonyesha mamba wanakoota jua, na wakatuambia tusiingize hata mguu majini. Ukienda kusini ya mji badala ya kaskazini, jua kwamba ile Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, haivuliwi kabisa.

Tulipata hongwe saba na mkizi mmoja. Hongwe ana miba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni karibu na kichwa. Ivunje kwa koleo kabla hujamtia kapuni. Binamu yangu mdogo alijifanya hodari, akashika kwa mkono mtupu. Alirudi Kilifi mkono umo ndani ya ndoo ya maji ya moto, matatu nzima ikimtazama.